Masega ya Subaru kwenye Barabara ya Masisi

Omate haifikiwi na Subaru. Kwenye machimbo hayo ya dhahabu, upande wa Walikale, mtu huenda kwa miguu au kwa pikipiki, na mzigo mwingi hupanda mgongoni. Naanza na huko kwa sababu mjadala wa magari ya kasi yaliyozeeka na masega yao ya kusafisha moshi huendeshwa kana kwamba kila gari linatembea kwenye lami ya Tokyo au California. Gari la Kivu Kaskazini lina maisha mengine. Limetumika Japani miaka mingi, likashushwa Mombasa au Dar es Salaam, likavuka Uganda au Rwanda, likaingia Goma na usukani wake wa kulia katika nchi ambayo magari hupita upande wa kulia. Siku mwenyewe akiamua kwenda kuwaona wa kwao, linapita Sake, linaanza kupanda milima ya Masisi, na lami inageuka hadithi.

Wapenzi wa Subaru Impreza na Forester za turbo, wa Toyota Altezza na Mark II, ni wengi zaidi Nairobi na Kampala kuliko Goma. Mapenzi hayo yana asili yake. Patrick Njiru aliwafanya Wakenya washangilie Subaru miaka ya 1990, na Colin McRae alishinda Safari Rally ya mwaka 1997 akiendesha Impreza. Magari ya kizazi hicho, na ya kile kilichofuata, sasa yamezeeka. Wenyewe wanawafikia mafundi na swali moja: masega yamekufa, au wameambiwa yanaibana injini. Yang'olewe? Yanunuliwe mengine? Au yawekwe yale ya mashindano, yanayopitisha moshi kwa wepesi zaidi?

Kwa maoni yangu swali hilo huulizwa kinyume. Watu huuliza waweke nini kabla ya kuuliza nini kiliyaua yaliyokuwapo, na ndiyo maana wengi hununua mara mbili.

Masega ni tofali la kauri lenye matundu membamba, 400 hadi 600 katika kila inchi ya mraba, lililofungiwa ndani ya kopo la chuma kwenye bomba la moshi. Kuta za matundu zimepakwa alumina, na juu yake zimetawanywa chembe za platinamu, paladiamu na rodiamu. Injini ya petroli hutoa sumu kuu tatu: kaboni monoksaidi, mafuta ambayo hayakuungua, na oksidi za nitrojeni. Masega yakishapata moto wa nyuzi 250 au 300 hivi, madini hayo humalizia kuunguza mbili za kwanza na kuivunja ya tatu, na kinachobaki ni nitrojeni, mvuke wa maji na dioksidi kaboni. Kazi hiyo hufanyika sawasawa pale tu injini inapopewa kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli. Kwa sababu hiyo sensa ya oksijeni hukaa kabla ya masega na kuiambia kompyuta iongeze au ipunguze mafuta. Mfumo ukiwa mzima, zaidi ya asilimia 90 ya sumu hizo huishia humo.

Mhandisi Mfaransa Eugène Houdry ndiye aliyekibuni kifaa hicho akiwa Marekani, miaka ya 1950, lakini risasi iliyokuwa inatiwa kwenye petroli ilikiua. Marekani ilianza kuyavisha magari masega kwa wingi na matoleo ya mwaka 1975, petroli isiyo na risasi ilipopatikana. Volvo ikaleta sensa ya oksijeni mwaka 1977, na Japani ikakaza kanuni zake mwaka 1978. Afrika ilichelewa sana. Nchi za kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar, Juni 2001, kuiondoa risasi, na kazi ikakamilika mwanzoni mwa mwaka 2006. Maana yake ni kwamba magari ya Kijapani yaliyoingia kwetu miaka ya 1990 yalikuja na masega na kuyapoteza ndani ya matangi machache ya mafuta. Nadhani hapo ndipo mafundi wetu walipojifunza kuyang'oa, na wakati ule hawakukosea: lile kopo lilikuwa limekufa kweli, na kazi yake iliyobaki ilikuwa kuziba njia ya moshi. Kosa ni kwamba desturi iliendelea baada ya sababu kuisha.

Baadaye ilikuja sababu nyingine, nayo ni bei. Machi 2021 wakia moja ya rodiamu, yaani gramu 31 hivi, ilikaribia dola 29,000, mwezi ambao dhahabu ilikuwa dola 1,700 hivi. Mchimbaji wa Omate anayeosha mchanga siku nzima akitafuta punje angeshangaa kuambiwa kwamba chini ya gari la mfanyabiashara wa Goma kuna gramu chache za madini ya thamani, na kwamba moja kati ya hayo lilikuwa ghali mara 15 na zaidi kuliko dhahabu anayoitafuta. Platinamu na jamaa zake hazitoki Kivu. Zinatoka hasa Afrika Kusini, Urusi na Zimbabwe, kisha zinarudi barani zikiwa zimefichwa ndani ya bomba. Dar es Salaam na Nairobi wakajaa wanunuzi wa masega makuukuu, na fundi aliyekuwa akiyatupa akaanza kuyaweka kando. Wezi nao hawakuchelewa.

Uporaji mwingine hufanyika kabla gari halijapanda meli. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2020 kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 yaliyotumika yalisafirishwa kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na asilimia 40 hivi yalikuja Afrika. Wakaguzi wa Uholanzi walioyachungulia magari yaliyokuwa yakisubiri meli katika bandari zao walikuta baadhi yamekwisha kung'olewa masega. Basi mtu wa Goma anayedhani kuwa gari lake "limekuja kamili" afadhali alale chini alitazame.

Bei hizo zilishuka sana baadaye. Kufikia mwaka 2024 rodiamu ilikuwa chini ya dola 5,000 na paladiamu ikizunguka 1,000. Lakini kumbukumbu ya mwaka 2021 haijaisha gereji, na fundi anayejitolea kukung'olea masega bure huenda anajilipa kwa njia yake.

Sasa turudi kwenye sababu za kifo, maana hapa Kivu ina yake. Injini za turbo za Subaru zilizotengenezwa kwa soko la Japani ziliwekwa sawa kwa petroli ya daraja la juu ya huko, ambayo oktani yake haishuki chini ya 96. Esansi tunayoipata sisi mara nyingi iko chini ya hapo. Salfa si tatizo kubwa tena, kwa sababu Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zilihamia mafuta yenye salfa kidogo kuanzia Januari 2015, na mengi yanayofika Goma hupitia kwao. Uchafu huingia baadaye, mafuta yakiwa kwenye bidoni, mikononi mwa wauzaji wa pembeni tunaowaita kadhafi, yakichanganywa na mafuta ya taa au yakizeeka juani. Kadiri unavyoenda ndani, Masisi kisha Walikale, ndivyo unavyozidi kutegemea bidoni na chupa, na ndivyo bei inavyopanda.

Oktani ikiwa ndogo, injini hugonga. Sensa husikia, na kompyuta huchelewesha cheche ili kuiokoa. Cheche iliyochelewa huacha moto mwingi uende na moshi, kwa hiyo bomba linapata joto ambalo halikupangiwa. Katika Impreza WRX nyingi za kuanzia mwaka 2000, kitu cha kwanza kinachokutana na joto hilo ni sega dogo lililowekwa kwenye bomba linalopanda kutoka kwenye injini kwenda kwenye turbo. Liliwekwa hapo ili lipate moto haraka asubuhi. Likipikwa miaka 20 huanza kumomonyoka, na vipande vyake havina pa kwenda isipokuwa kwenye mapanga ya turbo yanayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Mwenye gari anasikia mluzi mpya, kisha moshi wa buluu, kisha anaambiwa bei ya turbo.

Plagi na koili zilizochoka nazo huua. Silinda ikikosa cheche, petroli mbichi huenda kuwakia ndani ya masega, joto linapita nyuzi 1,000, na matundu yanayeyuka na kushikana. Injini inayokula oili huyapaka fosforasi na zinki mpaka madini yasiguswe tena na moshi. Halafu kuna barabara yenyewe. Mawe ya lava kati ya Goma na Sake, mashimo ya kupanda Masisi, vijito vinavyokatiza njia masika: kauri iliyo na moto wa mamia ya nyuzi ikitumbukizwa kwenye maji baridi hupasuka, na kopo likigongwa na jiwe, tofali la ndani huvunjika hata kama nje huoni kitu. Subaru iliyoshushwa chini ili ipendeze mjini ndiyo inayoumia kwanza. Sijui kwa nini mtu anayejua atapita Mushaki hushusha gari, lakini wapo.

Fundi mzuri hukisia kifo hicho bila kompyuta. Anapigapiga kopo kwa nyundo ya mpira na kusikiliza kama kuna kinachocheza. Anafungua sensa ya oksijeni ya mbele, anafunga geji kwenye tundu lake: injini ikizungushwa mara 2,500 kwa dakika na geji ikipita psi 3, njia imeziba. Msimbo P0420, ambao wengi huuogopa kama hukumu, unasema tu kwamba masega hayasafishi vya kutosha. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 1990 hayana hata sensa ya nyuma ya kuutoa. Ndiyo maana mtu huweza kutembea na kopo tupu miaka mitano bila taa yoyote kuwaka.

Kuyang'oa kabisa kunatoa nini? Kwenye gari lisilo na turbo, ikiwa masega yalikuwa mazima, faida ni ndogo, na sehemu kubwa yake ni kelele. Kwenye turbo faida ipo kweli, kwa kuwa moshi ukiondoka upesi baada ya turbo, turbo huamka mapema. Lakini huku kwetu kuna hesabu ambayo vijana hawaifanyi. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na Masisi kunapandwa hadi 2,000 na zaidi. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo turbo inalazimika kuzunguka kwa kasi kubwa kuliko ingezunguka Mombasa ili ilete mgandamizo uleule. Iondolee kizuizi chote cha nyuma, iachie kompyuta ya kiwandani isiyojua kilichotokea, na mgandamizo utapanda kupita kiwango kilichopangwa. Ama kompyuta itakata mafuta ghafla, ama injini itaenda na mafuta pungufu katika joto kubwa, na pistoni za EJ20, injini ya Subaru hizo, hazisamehe. Bomba wazi bila kurekebisha programu ya kompyuta ni deni, na waliopika injini Kampala wakitafuta mlio wanalijua.

Wapo wanaochagua ujanja wa katikati: kopo linapasuliwa, tofali linatolewa, kopo linachomelewa tena. Kwa macho gari ni zima. Kwa injini matokeo ni mabaya kuliko bomba lililonyooka, maana moshi unaingia kwenye chumba kikubwa kisicho na kitu, unapoteza mwendo na kuzungukazunguka humo. Umepoteza usafi na hukupata kasi.

Ukinunua mengine, masoko ni matatu. Makuukuu ya asili hupatikana kwenye magari yaliyovunjwa, soko la Kisekka mjini Kampala au kwenye gereji za Sharjah ambako wafanyabiashara wetu huchukua nusu-gari. Hayo yana madini ya kutosha, lakini hujui kama bado ni mazima. Mapya ya bei nafuu ni mengi, na siri yake ni madini kidogo. Kanuni za Marekani zenyewe zinalikiri jambo hilo: masega ya kiwandani yanatakiwa kudhaminiwa miaka 8 au maili 80,000, ya badala yanatakiwa kufanya kazi kwa maili 25,000 tu. Maili hizo ni za barabara zao. La tatu ni masega ya mashindano, yenye karatasi za chuma badala ya kauri na matundu 200 hivi kwa inchi ya mraba. Hayasafishi kama ya asili, lakini husafisha sehemu kubwa, hupitisha moshi karibu kama bomba wazi, na kwa barabara zetu yana sifa ambayo wauzaji wa Ulaya hawaitangazi: hayapasuki yakigongwa jiwe au yakiingia kijitoni. Kwangu mimi, hiyo peke yake inatosha kuyachagua. Ugumu ni kuyapata. Tangu waasi wa M23 walipoingia Goma Januari 2025 na benki na uwanja wa ndege vikafungwa, kipuri cha kuagizwa ni safari ya pesa taslimu kupitia mkono wa mtu unayemwamini Kampala au Kigali.

Kuna pingamizi ambalo lazima lijibiwe, kwa sababu ni la haki. Barabara ya Goma imejaa pikipiki zisizo na masega, na malori ya Fuso yanayotoa moshi mweusi hadi mtu afunge pua. Subaru mia moja ni nini mbele ya hayo? Ni kidogo, nakubali. Mwenye Impreza si mkosaji mkubwa wa hewa ya mji huu, na anayemlaumu yeye peke yake anatafuta mnyonge wa kumpiga. Lakini anayevuta moshi huo kwanza ni yeye na abiria wake. Watu wa Goma na Sake wanaijua mazuku, ile hewa ya dioksidi kaboni inayotoka ardhini na kulala kwenye mabonde madogo, inayoua mbuzi na watoto bila harufu wala rangi. Kaboni monoksaidi ni gesi nyingine, haihitaji bonde, na nayo haionekani wala kunukia. Gari lililong'olewa masega kwa kuchomelewa ovyo, lenye tundu kwenye kiungo cha bomba na mlango wa nyuma usiofunga vizuri, huvuta moshi wake lenyewe hadi kwenye viti. Njia ya Walikale magari hukwama kwenye tope saa nyingi, na watu hulala ndani injini ikinguruma kwa sababu ya baridi. Moshi usiosafishwa ndani ya gari la namna hiyo unaua.

Sheria nayo inasogea, hata kama si upande wetu. Rwanda ilianza mwaka 2025 kupima moshi wa magari kwa utaratibu mpya chini ya mamlaka yake ya mazingira, REMA, na kutoka katikati ya Goma hadi mpaka wa Gisenyi ni dakika chache. Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 kuingiza magari yenye zaidi ya miaka 15, na Kenya ina kikomo cha miaka 8. Magari ya kasi ya zamani hayataongezeka. Yaliyopo ndiyo yaliyopo, na yatauzwa kutoka mji hadi mji wa ukanda huu. Lenye bomba kamili litakuwa na wanunuzi wengi kuliko lile linalopiga kelele.

Hukumu yangu kwa mwenye Subaru ya turbo Kivu ni hii. Anza na plagi, koili, oili na petroli unayoinunua, hata kama itabidi ubebe bidoni yako kutoka kituo unachokiamini. Sega dogo lililo kabla ya turbo litolewe leo, kabla halijajitoa lenyewe, na bomba lake libadilishwe kwa lisilo na sega; kama gari lako lina sensa ya joto mahali hapo, fundi wa umeme ataweka kinzani cha ohm 2,200 ili taa isiwake. Sega kubwa la chini libaki maadamu ni zima. Likifa, weka la chuma la matundu 200, na funga kinga ya bati chini yake. Asiye na turbo asihangaike na ya mashindano. Atafute la asili lililo zima, basi.

Na siku fundi akikutolea masega makuukuu, usiyaache gereji. Yapime kwenye mizani, piga picha ya namba zilizochorwa kwenye kopo, ulizia bei kwa wanunuzi wawili, kisha uyauze mwenyewe. Ni mali yako, na mara nyingine hulipa sehemu nzuri ya yale mapya.